Amesaini kwa nani? Kisa cha daktari aliyehama fani katikati ya mafunzo ya ubingwa Marekani

Ujumbe wake wa kwanza ulinifikia mwezi wa Aprili, wiki tatu baada ya matokeo kutoka. Huko nyumbani ilikuwa saa nane usiku. "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Kuna jambo nataka kuuliza kabla sijaharibu."

Ni daktari Mtanzania. Alisoma nyumbani, akamaliza utarajali, akafanya kazi miaka miwili katika hospitali ya wilaya, akafaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na Machi ile akapata nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya Marekani. Miezi kumi na tano baadaye alikuwa anaingia mwaka wa pili wa mafunzo, ila katika jimbo jingine na katika fani nyingine kabisa: usingizi na ganzi. Ameniruhusu kukieleza kisa chake, nami nimeacha jina lake, majimbo na hospitali zote mbili. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu vijana wawili watatu hunipigia kila mwaka wakiwa na swali lilelile, na karibu wote wanaogopa kusikoogopesha, huku shimo lenyewe wakilipita pembeni bila kuliona.

Kwa asiyeujua utaratibu wa huko: nyumbani unaomba MMed, shahada ya ubingwa, moja kwa moja chuoni, na fani umeiandika mwenyewe kwenye maombi. Marekani unaomba hospitali nyingi, unaitwa kwenye usaili, kisha unapeleka orodha yako kwa NRMP, shirika la kitaifa linalopanga madaktari, ukianza na programu, yaani mafunzo ya fani moja katika hospitali moja, unayoitaka zaidi na kushuka. Programu nazo zinapeleka orodha zao. Kompyuta inalinganisha orodha hizo, na Ijumaa ya tatu ya Machi kila mtu anajua amepangiwa wapi. Unapangiwa mahali pamoja tu. Madaktari wote wanauita mpango huu Match, nami nitauita hivyo.

Yeye aliweka programu tatu za usingizi juu, kisha sita za magonjwa ya ndani chini yake. Akapangiwa ya saba. Wengi huziita programu za chini "za akiba", na neno hilo ndilo linalowaponza. Kwa NRMP hakuna cha akiba. Kila programu uliyoiandika umeahidi kwamba ikikuangukia utakwenda. Hakuna hatua nyingine baada ya hapo ambapo utaulizwa kama umekubali, kwa kuwa ulishakubali siku ulipoithibitisha orodha.

Sasa Aprili ile alisikia kwamba hospitali fulani ilikuwa na nafasi ya usingizi iliyobaki wazi, ya kuanza Julai. Ndugu wa rafiki yake alikuwa akifanya kazi hapo na alikuwa ameshamwambia: tuma CV, nitampelekea mkurugenzi wa mafunzo mkononi. Barua pepe alikuwa ameiandika tayari. Ilibaki kubonyeza tu.

Nilimpigia palepale nikamwomba asibonyeze.

Ahadi isiyoweza kufunguliwa na uliyemwahidi

Tayari alikuwa na ahadi ya Julai hiyo. Programu yoyote iliyomo kwenye Match hairuhusiwi kumsaili, kujadiliana naye nafasi wala kumpa nafasi daktari mwenye ahadi ya mwaka huohuo. NRMP ina mfumo wake uitwao R3, na humo mkurugenzi anatakiwa kuangalia historia ya mwombaji kabla ya kumpa nafasi. Kwa hiyo CV ile ingewatia matatani watu wawili, yeye pamoja na yule aliyetaka kumsaidia. Anayevunja mkataba wa Match anaweza kufungiwa kushiriki kwa mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa kosa zito asishiriki tena maisha yake yote. Kwa daktari aliyetoka nje, mwenye visa ambayo uhai wake ni mafunzo, mwaka mmoja tu unatosha kumrudisha nyumbani.

Akaniuliza: "Na nikiwaomba wenyewe, hospitali yangu, waniachie kwa roho safi?"

Swali hilo ndilo kiini cha kisa. Jibu lake ni kwamba hospitali haina uwezo huo. Hata mkurugenzi wake angekuwa na huruma namna gani, hata angeandika barua yenye muhuri, hawezi kumfungua. Ahadi ya Match inafunguliwa na NRMP peke yake, kwa maombi maalumu, na sababu zinazosikilizwa ni chache: shida kubwa isiyo ya kawaida, au kukosa sifa na vibali vya kuanza kazi. Kubadili fani nako kunasikilizwa, lakini kwa waliopangiwa mapema nafasi za kuanzia mwaka wa pili wa mafunzo, ambao bado wana muda mrefu mbele yao. Yeye alikuwa anaanza Julai hiyohiyo. Hakuwemo.

Aliona ni ukatili. Mimi sioni hivyo, na nilimweleza. Miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zinagombania wanafunzi wa udaktari mpaka zikafika kuwasainisha miaka miwili kabla hawajamaliza chuo. Mtu alipewa nafasi na kuambiwa ajibu papo hapo, kabla hajasikia kokote kwingine. Match ya kwanza, mwaka 1952, ilizaliwa kutokana na fujo hiyo. Hesabu inayotumika leo, iliyotengenezwa na Alvin Roth na Elliott Peranson na kuanza kazi mwaka 1998, inampa mwombaji kilicho bora kwake kati ya vinavyowezekana. Roth pamoja na Lloyd Shapley walipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi ya namna hii. Lakini hesabu nzuri kiasi gani haifai kitu iwapo watu wanaweza kuteleza pembeni mwezi wa Aprili. Wakiruhusiwa mia kuteleza, mwaka unaofuata kila mkurugenzi ataanza tena kuwinda watu kabla ya wakati ili asiachwe na pengo. Na katika mbio za namna hiyo, anayebaki nyuma ni mgeni asiye na mtu wa kumpigia simu. Sisi ndio tunaolindwa zaidi na ukali huo.

Aliifuta ile barua pepe. Juni akaingia Marekani kwa visa ya J-1, ile ya wageni wanaokuja kwa mafunzo, na tarehe 1 Julai akavaa koti jeupe na kufunga peja kiunoni.

Siku 45

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia, na vijana wengi hawalijui, ni hili: mkataba wa Match una mwisho. Ukijiuzulu au kuondoka ndani ya siku 45 tangu siku ya kuanza, unahesabiwa umeuvunja. Kwa aliyeanza 1 Julai, siku hizo zinakatika katikati ya Agosti. Baada ya hapo NRMP haina tena mkono juu yako kwa nafasi ile.

Usinielewe kwamba namwambia mtu ahesabu vidole mpaka 45 kisha akimbie. Namwambia ajue ni nani anayemdai. Katikati ya Agosti mdai mmoja aliondoka na kuwaachia wengine uwanja: mkataba wa mwaka na hospitali, ambao huandikwa upya kila mwaka, visa, na wenzake watatu wa mwaka wa kwanza ambao wangegawana zamu zake akiondoka. Kila mdai ana utaratibu wake wa kusamehe, na ukiwachanganya utamwomba msamaha asiyehusika.

Nilimwambia asiombe kitu chochote mpaka amejibu swali moja. Mwezi wa Agosti karibu kila daktari wa mwaka wa kwanza anataka kuhama. Hajalala, anaamriwa na kila mtu, anaandika ripoti saa nne usiku. Je, anaikimbia kazi ngumu, au kuna kazi anayoifuata?

Akanisimulia jambo ambalo hakuwa amelisimulia kwenye usaili wowote. Katika hospitali yao ya wilaya kulikuwa na muuguzi mmoja wa usingizi. Usiku mmoja muuguzi huyo alikuwa likizo, akaletwa mama ambaye uchungu ulikwama tangu asubuhi. Gari la rufaa lilikuwa njiani kurudi kutoka mjini na mama asingelingoja. Daktari wetu alimchoma ketamini mwenyewe, akamweka klinikali ofisa kichwani kwa mgonjwa ashike kidevu na kuangalia kifua, kisha akanawa na kumpasua. Ile mashine ndogo ya kidoleni ilikuwa inalia mlio wa juu, tit, tit, tit. Alipofika kwenye mfuko wa uzazi mlio ukaanza kushuka. Mashine hizo zimetengenezwa hivyo: oksijeni ikipungua, sauti inakuwa nzito. Mikono yake ilikuwa ndani ya tumbo la mama na hakuweza kugeuka. Alisema kwa sauti, "Inua kidevu, inua zaidi," na akaendelea kukata huku akisikiliza. Mlio ukapanda tena. Mama na mtoto walitoka salama. "Lakini kaka," akaniambia, "tangu siku ile mimi sisikii kitu kingine ninapoingia thieta. Nasikia ile sauti tu."

Basi nikajua hakuwa anakimbia. Hata hivyo nilimtaka ajaribu kwanza. Mwaka wa kwanza una wiki chache za hiari ambazo daktari huchagua pa kwenda. Akaziomba kwa idara ya usingizi ya hospitali ileile. Wiki mbili alifika thieta saa kumi na mbili kasoro asubuhi, akavuta dawa kwenye mabomba ya sindano, akabandika lebo, akapima mashine. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kukaa na kuangalia, na wapo wanaoingia wakitafuta msisimko na kuchoka siku ya tatu. Yeye hakuchoka.

"Ni sisi, au ni kazi?"

Hapa tulipingana na rafiki zake. Walimshauri anyamaze: aombe kimyakimya, apate, ndipo aseme. Hoja yao ni ya kweli kwa nusu, maana mkurugenzi mwenye kinyongo anaweza kukufanya mwaka uwe mrefu. Lakini siri hiyo haina pa kuishia. ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya, kinataka programu inayompokea daktari aliyehama ipate uthibitisho wa alikopita na tathmini ya uwezo wake kutoka kwa mkurugenzi wa programu aliyotoka. Hakuna programu ya usingizi yenye akili timamu itakayokuchukua bila kumpigia simu bosi wako. Atajua tu. Kilichobaki mikononi mwako ni kama atajua kutoka kwako au kutoka kwa mtu mwingine.

Aliomba dakika ishirini, Jumanne ya wiki ya kwanza ya Septemba, baada ya darasa la mchana. Tulifanya mazoezi ya maneno yake kwa simu mara tatu, na alipoingia akayasahau yote. Mkurugenzi wake, mama wa makamo, alimsikiliza, kisha akamuuliza swali moja: "Ni sisi, au ni kazi?" Akamsimulia habari ya mlio. Yule mama akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia kwamba wengine humpa taarifa mwezi wa Juni, na kwa kuwa yeye amekuja Septemba, atamwandikia barua. Akaweka masharti mawili: kazi isilegee hata siku moja, na Jumatatu ya wiki ya Match amwambie kama anabaki au anaondoka, ili ajue kama ana pengo la kujaza.

Ratiba nayo ikapangwa upya. Mwaka wa msingi wa usingizi unataka uwe umepita idara ya dharura na ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, angalau mwezi mmoja mmoja. Mwezi wake wa ICU ulikuwa umepangwa mwaka wa pili. Ili aulete mwaka wa kwanza ilibidi mwenzake mmoja ampishe, na huyo mwenzake akabebeshwa zamu nne za usiku wa Desemba ambazo hazikuwa zake. Alikubali, ila hakufurahi, na kwa muda walikuwa wanapeana taarifa za wagonjwa bila kutazamana. Nalitaja hili kwa sababu kila anayehama anadhani anahama peke yake.

Niseme kidogo kuhusu fedha, maana kuna uvumi unaozunguka kwamba ukihama "hela zako zimekwisha" na hakuna atakayekuchukua. Hospitali za Marekani hulipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kufundisha. Fungu la moja kwa moja linamhesabu daktari kuwa mtu mzima kwa idadi ya miaka inayowekwa na fani aliyoanza nayo. Ikiisha, anahesabiwa nusu. Magonjwa ya ndani ni miaka mitatu. Yeye akifanya mwaka mmoja huko na mitatu ya usingizi inakuwa minne, kwa hiyo ni mwaka wa nne tu utakaohesabiwa nusu. Fungu la pili, lile la gharama zisizo za moja kwa moja, halimpunguzi. Angeanza na upasuaji, ambao ni miaka mitano, hata nusu hiyo isingekuwepo. Mwaka mmoja wa nusu haumfungii mtu mlango, na mwombaji akiijua hesabu hii mwenyewe anaweza kuieleza kwenye usaili bila kubabaika.

Saa ya visa

Kikwazo chake halisi, kile ambacho alikuwa hajakifikiria kabisa, kilikuwa J-1.

Daktari wa J-1 anaruhusiwa kubadili fani mara moja tu, na si zaidi ya miaka miwili tangu alipoingia na hadhi hiyo. Yeye aliingia katikati ya Juni. Sasa angalia nafasi za usingizi zinavyotolewa kwenye Match. Zipo za C, unazoanza mwaka wa kwanza na kumaliza hapohapo. Zipo za A, unapangiwa Machi hii lakini unaanza mwaka wa pili wa mafunzo Julai ya mwaka ujao. Na zipo za R, chache, zilizotengwa kwa madaktari waliokwisha kupita mwaka wa kwanza, ambazo zinaanza Julai ileile.

Za A zingemfaa kabisa kimasomo. Ila zingeanza siku kumi na tano hivi baada ya miaka yake miwili kupita. Siku kumi na tano! Alikuwa ameshaandaa maombi kumi na nane ya namna hiyo. Tukayatoa yote, yakabaki ya R, na ya C kadhaa ambako angerudia mwaka. Kwa maana nyingine, alikuwa na Match moja. Akiikosa, ile ya mwaka unaofuata ingemkuta nje ya muda.

Akaomba mwisho wa Septemba. Akapata usaili mara nne. Jumatatu ya wiki ya Match, ambapo unaambiwa kama umepangiwa au la kabla ya kutajiwa jina Ijumaa, akasoma kwamba hakupangiwa. Alikuwa zamu. Aliniandikia neno moja, "Bado," akarudi wodini.

Siku hiyohiyo alimwambia mkurugenzi, kama walivyoahidiana. Wiki iliyofuata akasaini mkataba wa mwaka wa pili wa magonjwa ya ndani.

Simu ya Aprili ya pili

Mwaka mmoja kamili baada ya ujumbe ule wa usiku, programu moja iliyokuwa imemsaili ilimpigia. Daktari wao aliyetakiwa kuingia mwaka wa pili Julai alikuwa anaondoka kwa sababu za kifamilia, na walikuwa na nafasi. Wakamuuliza kama yuko huru.

"Kaka, nimesaini," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ileile ya mtu aliyefungiwa mlango.

Nikamuuliza: umesaini kwa nani?

Hapa ndipo tofauti niliyoieleza juu inapofanya kazi. Aprili ya kwanza alikuwa na ahadi ya Match, ambayo hospitali yake isingeweza kuifungua hata ingetaka. Aprili ya pili alikuwa hana ahadi yoyote ya Match: ile ya kwanza aliitimiza Agosti, na mwaka huu hakupangiwa. Alikuwa na mkataba wa ajira na hospitali moja, na mwenye mkataba huo alikuwa ana ofisi ghorofa ya tatu. Aliyeahidiwa anaweza kuachilia. Lakini ni yeye aachilie. Wewe hujiachilii mwenyewe kisha ukamtumia taarifa.

Nilimtaka afanye mambo mawili kabla ya kulala: awajibu wale wa usingizi kwa ukweli, kwamba kwa NRMP yuko huru ila ana mkataba wa mwaka ujao na hawezi kusema ndiyo kabla ya kuzungumza na mkurugenzi wake, na aombe dakika nyingine ishirini.

Safari hii yule mama hakumuuliza kitu. Alimwambia kwamba alikuwa amewaambia wengine kuwa nafasi imejaa, kwamba wapo waliomwandikia akawajibu hapana. Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma. Akasema atajibu Ijumaa. Siku tatu hizo kijana wangu hakula vizuri. Ijumaa akaitwa, akakuta barua imeandikwa: anaachiliwa kuanzia 30 Juni, mradi afanye kazi mpaka siku ya mwisho. Nafasi yake ikatangazwa wiki hiyohiyo.

Wapo watakaosema alivunja neno lake. Nimelifikiria sana na siwezi kukubaliana nao. Aliomba, akasubiri jibu, na alikuwa tayari kubaki kama angeambiwa hapana. Hilo la mwisho nilimuuliza wazi na akanijibu bila kusita. Kuvunja neno ni kuondoka bila kumpa mwenzako nafasi ya kukataa.

Barua kutoka Dodoma

Ilibaki visa. Wadhamini wa J-1 za madaktari, ECFMG, wanataka barua mpya kutoka wizara ya afya ya nchi yako, inayosema kwamba nchi inahitaji wataalamu wa fani hiyo na kwamba umeahidi kurudi. Barua ya kwanza ilitaja magonjwa ya ndani, kwa hiyo haikufaa tena. Maneno ya barua hiyo yamewekwa na kanuni za Marekani. Huyabadilishi kwa sababu umeona yanasikika vizuri zaidi hivi au vile.

Mdogo wake alipanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma na bahasha yenye maombi. Usiku wa kabla ya safari nilikuwa nimeyasoma maombi hayo kwenye simu na kuona kwamba jina la fani ameliandika kwa namna ya Waingereza, kama tunavyofundishwa nyumbani, wakati karatasi zote za programu mpya zimeliandika kwa namna ya Wamarekani. Hata maneno yenyewe hayalingani. Nikamtaka achapishe upya. Labda isingeleta shida. Lakini barua ya namna hiyo inasomwa na mtu asiyekujua, analinganisha karatasi mbili, na hana sababu ya kubahatisha.

Sababu za uhitaji hakulazimika kuzitafuta mbali. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 iliweka lengo la wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000, na kila aliyefanya kazi wilayani kwetu anajua tulivyo mbali na hapo. Muuguzi mmoja wa usingizi, na usiku ule alikuwa likizo.

Barua ilipatikana mwezi wa Mei. Fomu mpya ya DS-2019, inayothibitisha udhamini wa J-1, ilitoka tarehe 24 Juni, siku saba kabla ya kuanza. Bila fomu hiyo asingeruhusiwa kugusa mgonjwa hata mmoja upande wa pili. J-1 ya daktari ina kikomo cha miaka saba. Ametumia mmoja, usingizi utachukua mitatu, kwa hiyo akitaka ubobezi wa mwaka mmoja, wa watoto au wa wazazi, nafasi ipo. Baada ya hapo anadaiwa miaka miwili nyumbani, na ameshaanza kuandikiana na walimu wake wa zamani kuhusu pa kufanyia kazi.

Juni yote aliifanya magonjwa ya ndani kama mtu anayebaki. Aliangalia ratiba ya yule mwenzake aliyempisha ICU, akaona ana zamu nne za usiku katika wiki mbili za mwisho, akaenda kwa wapanga zamu akaomba zote ziandikwe jina lake. Ya mwisho ilikuwa ya kuamkia tarehe 30. Asubuhi alikabidhi wagonjwa kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa mwenzake yuleyule, akafungua peja kiunoni na kumwekea mezani. Gari lilikuwa limeshapakiwa tangu jana yake. Alilala kwa saa nne, kisha akaanza safari ya kwenda jimbo la pili.